Kabla ya Cheti Kulikuwa na Bakari

Wasee, hebu sema mtaani kwamba unataka kusomea kazi ya kuongoza watalii porini. Hapa Kabiria watakucheka kwanza, halafu wakuulize kama umewahi kuona hata simba mmoja. Picha waliyo nayo ni mzungu wa filamu na kofia yake pana, ama kijana wa Kimaasai aliyezaliwa kando ya Mara. Mtu aliyekulia kati ya Kawangware na Satellite hayuko kwenye hiyo picha.

Nimesoma historia ya hii kazi kwa muda sasa, na maoni yangu ni kwamba hiyo picha ilitengenezwa. Sehemu kubwa ilitengenezwa hapa Nairobi, mahali unapofika kwa matatu moja. Na kabla sijaendelea: nitasema mwongozaji, kwa sababu lile neno la Kiingereza ukiliandika tunavyolitamka unapata gaidi, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Turudi karne ya 19. Misafara ya biashara inatoka pwani kwenda bara, watu mamia, mizigo kichwani na mabegani. Mbele kabisa anatembea mtu mmoja na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Anaitwa kirangozi. Yeye ndiye anayejua njia, anajua maji yako wapi na msafara utalala wapi. Mwingereza Richard Burton, aliyetoka pwani na msafara wake mwaka 1857, aliandika kwamba mpagazi aliyethubutu kumpita kirangozi njiani alitozwa faini. Yaani kazi ilikuwepo, cheo kilikuwepo, na heshima yake ilikuwa na sheria. Hata neno safari, ambalo leo dunia nzima inalitumia bila kutuomba ruhusa, lilitoka kwenye hii lugha yetu.

Sasa ruka hadi 1909. Reli imefika, Nairobi ni mji mchanga, na hoteli ya Norfolk ina miaka 5 tu. Ni ileile iliyo mkabala na Chuo Kikuu cha Nairobi. Anakuja Theodore Roosevelt, ambaye ametoka tu kuwa rais wa Marekani, pamoja na mwanawe Kermit. Wana wapagazi zaidi ya 200. Wawili hao peke yao waliua wanyama wakubwa 512, wengi wao kwa ajili ya makumbusho kule Washington.

Aliyesimamia msafara anajulikana kwa jina kamili: R. J. Cuninghame. Waliobeba bunduki za Roosevelt tunawajua kutoka kwenye kitabu chake mwenyewe: Muhamed na Bakari. Jina moja moja, basi. Hakuna jina la baba, hakuna kwao ni wapi. Na kubeba bunduki haikuwa kubeba tu. Mbeba bunduki alisoma nyayo, aliona mnyama kabla mgeni hajaona, na nyati akija mbio alitakiwa asimame palepale na bunduki ya pili mkononi. Cheki hiyo orodha ya kazi, kisha uniambie ni nani alikuwa anaongoza nani.

Mwaka 1934, palepale Norfolk, wawindaji wa kulipwa walianzisha chama chao, East African Professional Hunters' Association. Hapo ndipo kazi ilipata sura rasmi: kanuni, uanachama, jina la kujivunia. Wanachama walikuwa karibu wote Wazungu. Philip Percival, aliyekuwa rais wa chama kwa miaka mingi, ndiye aliyekuwa amemwongoza mwandishi Ernest Hemingway kwenye safari yake ya 1933 hadi 1934. Kwenye kitabu alichoandika Hemingway kuna mbeba bunduki anayeitwa M'Cola. Tena jina moja. Ujuzi ulikuwa kwa M'Cola, uanachama ulikuwa kwa Percival.

Upande wa pili wa hiyo hadithi ni mbaya zaidi. Mzungu aliyelipia leseni akiua ndovu alikuwa mwanamichezo. Mwafrika aliyewinda jinsi babu yake alivyowinda alikuwa jangili. Waata wa upande wa Tsavo walikuwa wawindaji wa ndovu kwa upinde na mshale wa sumu, watu waliojua tabia ya ndovu kuliko kitabu chochote cha wakati huo. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa 1948. Kati ya 1956 na 1957 serikali ya kikoloni ikaendesha operesheni kubwa ya kupambana na ujangili, na Waata wengi wakaishia jela. Sisemi ndovu hawakuhitaji kulindwa. Nasema ujuzi wa vizazi uliingia jela bila mtu kuandika umebeba nini.

Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Chama cha Norfolk kikavunjwa mwaka huohuo. Biashara yote ikahamia kwenye kamera. Sasa hapa ndipo ungetarajia mlango ufunguke kwa watu wetu, na kwa kiasi ulifunguka: mgeni hakuhitaji tena bunduki, alihitaji gari na mtu wa kumwambia anaona nini. Chuo cha Utalii kule Thika Road kilikuwa kimeanzishwa miaka miwili nyuma, 1975. Lakini kwa wengi mwongozaji alikuwa dereva tu. Unapewa funguo za ile van ya kufunguka paa, unakimbiza simba, unarudi lodge. Wako madereva waliojifundisha wenyewe mpaka wakawa wakali sana, na wako waliojua wanyama watano na barabara ya kurudi. Mgeni hangeweza kuwatofautisha. Na mwajiri naye akawalipa bei moja.

Ndiyo maana 1996 ni mwaka mkubwa kwangu. Ndipo Kenya Professional Safari Guides Association ilianzishwa, na baadaye ikawa na mitihani ya ngazi tatu: shaba, fedha, dhahabu. Unaulizwa wanyama, ndege, wadudu, miti, miamba, historia ya nchi, mila za watu, sheria, na huduma ya kwanza. Kupanda ngazi kunachukua miaka kazini, na wa dhahabu ni wachache mno. Mwaka 2005 Koiyaki Guiding School ikafunguliwa Mara kufundisha vijana wa palepale, wasichana wakiwemo. Watoto wa watu ambao zamani wangeitwa wabeba mizigo sasa wanaketi darasani kujifunza jina la kisayansi la ndege ambaye bibi yao ana jina lake la Kimaa.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo wengi wenu mtangoja niseme makaratasi ni bure, hustle ndio kila kitu. Siwezi kusema hivyo baada ya kusoma haya yote. Bakari hakukosa ujuzi. Alikosa kitu ambacho kingebeba jina lake na la baba yake, na kumfanya mwajiri ashindwe kumwita boi. Chama cha 1934 kilijua nguvu ya karatasi, ndiyo maana kilijifungia nayo. Cheti cha haki, kile kinachopima unachokijua bila kuuliza ukoo wako, ni silaha ya mtu wa chini. Ukiona tajiri anakuambia vyeti havina maana, angalia ukuta wa ofisi yake.

Lakini cheti nacho kina deni. Kozi ni pesa, vitabu vya ndege ni pesa, darubini nzuri ni pesa nyingi. Kama mtihani ni wazi kwa wote na ada inawaacha nje watoto wa Kabiria, tumerudi Norfolk kwa mlango wa nyuma. Kaunti inatoa basari za kila aina; sioni kwa nini kazi hii isiwe kwenye orodha, katika mji wenye mbuga ya taifa ndani yake. Nairobi National Park ilitangazwa 1946, ya kwanza nchini, na kutoka hapa kwetu ni karibu kuliko airport. Bado kuna watu wazima wengi mtaani ambao hawajawahi kukanyaga ndani.

Na kuhusu lile swali la simba: hii kazi haianzi na simba. Inaanza na kuona. Yule ndege wa mdomo uliopinda anayepiga kelele alfajiri juu ya mabati anaitwa hadada. Wale wakubwa wenye upara juu ya miti karibu na Nyayo Stadium ni marabou, na wanakula taka zetu bila malipo. Mwewe anayenyakua nyama mkononi mwa mtoto, chozi anayefyonza maua kwenye ua wa jirani, miti ya Ngong Road Forest iliyobaki baada ya kumegwa kila upande: hiyo ni silabasi tayari. Nature Kenya, chama kilichoanzishwa 1909, mwaka uleule Roosevelt alipotua, kina matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi, na watu hukutana pale Makumbusho ya Taifa. Wildlife Clubs of Kenya iko tangu 1968, na ni kwa ajili ya wanafunzi. Huko hakuna anayekuuliza umetoka mtaa gani.

Kwa hivyo ukiambiwa mtu wa Kabiria hawezi kuwa mwongozaji, mjibu kwamba kirangozi alitembea mbele ya msafara kabla Norfolk haijajengwa. Halafu nenda ukasome, ukafanye mtihani, na siku ya kuandika jina lako kwenye ile fomu, andika yote matatu.