Mawese, Sifa na Sandarusi

Mashua kuukuu ikipandishwa ufukweni Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ili ifanywe upya, fundi haanzi na rangi. Anaanza na maungo. Pamba iliyooza kati ya ubao na ubao hukwanguliwa ikatoka, kisha pamba mpya iliyoloweshwa mawese hushindiliwa kwa patasi na nyundo. Rangi huja mwisho, ubavuni juu ya maji, pamoja na jina la chombo. Mpita njia hupiga picha ya lile jina, na kazi iliyomchosha fundi haimo pichani.

Lamu nako wanakalafati kwa pamba, lakini hawaishii hapo. Chini ya jahazi hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na mbao za juu hunyweshwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika. Bahari ya chumvi ina mdudu anayetoboa mbao hadi zikawa kama sega la nyuki, na deheni ni dawa yake. Weupe ule wa tumbo la jahazi tunaouona wa kupendeza ulizaliwa na hofu ya mdudu.

Tanganyika ni ziwa la maji baridi, mdudu huyo hayupo. Kinachoua mashua huku ni jua likifuatiwa na maji: chombo kikilala mchangani mbao hunywea, kikirudi ziwani huvimba, na mawimbi huzidi kuzichezesha. Kwa hiyo kiungo kinatakiwa kiwe laini. Mawese hayakauki yakawa ngozi ngumu. Hubaki na ulaini wake ndani ya pamba, na pamba ikajongea pamoja na ubao. Nayastahi sana maarifa haya, hasa kwa kuwa michikichi inayotoa mafuta hayo imejaa Kigoma.

Wapenzi wa mashua ndogo za matanga Ulaya na Marekani wamechagua njia iliyo kinyume kabisa. Wao wanataka ubao uonekane. Vanishi yao ya jadi ilitengenezwa kwa mafuta ya kitani, ambayo yakipata hewa hukauka na kuwa utando mgumu unaong'aa. Hupaka, husugua kwa msasa, hupaka tena, tabaka juu ya tabaka. Matokeo yake ni mazuri mno, sikatai. Lakini jua likiupasua utando, maji hupenya chini yake, ubao hupiga weusi, na kazi yote huanza upya.

Watu wachache hukumbuka kwamba mng'ao huo kwa sehemu ulitoka kwetu. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa ardhini pwani ya Mrima, utomvu wa kale wa misandarusi, ilipitia Zanzibar kwenda kwa watengeneza vanishi. Baada ya mkataba wa Sultani Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Iliyeyushwa kwanza kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani, ikapakwa magari ya farasi, samani na vyombo. Njia ya misafara iliyoanzia Ujiji iliishia pwani ileile ya wachimbaji, na bado sandarusi haikupata nafasi katika mashua za ziwani. Naona ni sawa haikupata, maana utando wake mgumu ungepasuka mbao zinaponywea.

Ziwa Tanganyika lina shahidi mkubwa wa mafuta yasiyoonekana. Meli Graf von Goetzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma tarehe 26 Julai 1916. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 rangi haikuwa na maana tena, bali mitambo ilitengenezeka. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Siku hizi mashine zimechukua nafasi ya matanga mengi, ila maungo ya mbao ni yaleyale. Mwenye mashua kuukuu ya tanga Ujiji akiniuliza pesa yake ndogo aitie wapi, nitamwambia pamba na mawese kwanza, rangi ya ubavuni baadaye. Vanishi, kama anaipenda, aiweke kwenye kana ya usukani na foromali: hivyo ni vipande vizima visivyo na maungo ya kuziba, na mkono wake utavigusa kila siku.