Mwaka Kogwa: Hesabu ya Miongo Iliyobaki Makunduchi

Kila Julai, barabara ya Makunduchi, kusini mashariki mwa Unguja, hujaa daladala na magari ya wageni. Wengi hufuata vita vya migomba, moto na ngoma za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya. Lakini kinachowaamsha wenyeji siku ile hasa, na si juma la kabla wala la baada yake, hakionekani uwanjani. Ni hesabu, na kwangu mimi ndiyo urithi mkubwa kuliko yote yanayopigwa picha.

Mwaka wa Nairuzi, unaofunguliwa na sherehe hii, una siku 365. Wazee waliugawa kwa makumi: siku 10 ni mwongo mmoja, miongo ni 36, kisha zinabaki siku 5 za gatha zinazoufunga mwaka. Mkulima aliyetaka kupanda aliuliza ni mwongo wa ngapi. Nahodha naye alihesabu miongo apate kujua upepo wa kusi utatulia lini na kaskazi itashika lini. Kalenda ya Hijria isingewafaa kwa kazi hiyo, maana mwaka wake ni mfupi kwa siku zipatazo 11, na Ramadhani huzunguka masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Basi ibada ikafuata mwezi mwandamo, shamba na bahari vikafuata Nairuzi, na watu walewale wakaishi kwa hesabu zote mbili.

Nairuzi nayo husogea, ila polepole. Kwa kuwa haiongezi siku ya 366, kila miaka 4 hurudi nyuma siku moja. Ndiyo maana sherehe iliyo Julai leo ilikuwa Agosti miaka 100 iliyopita. Huko Uajemi, ilikotoka, kalenda ilirekebishwa mwaka 1079 na mwaka mpya ukatulizwa Machi. Maparsi wa India, ambao asili yao ni Uajemi, hawakuyafuata marekebisho hayo. Wengi wao hadi leo huadhimisha mwaka mpya Agosti. Makunduchi nao wameishika hesabu ya kale. Wenyeji wengi wa kusini mwa Unguja hujiita Washirazi, wakijinasibisha na Uajemi, na kwa jirani zao wa Kizimkazi upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia.

Siku yenyewe huanza kwa kuoga baharini, mtu akaacha humo mabaya ya mwaka uliokwisha. Baadaye watu hukusanyika uwanja wa Kae Kuu. Wanaume wa upande wa kaskazini na wa kusini hujipanga, wengine wamevaa makoti mazito, wengine helmeti za pikipiki. Zamani walipigana kwa bakora; siku hizi hupigana kwa migomba. Mgomba umejaa maji: ukimpata mtu mgongoni hulia kwa kishindo, kisha hukatika, na utomvu wake humwachia madoa kwenye nguo yasiyotoka kwa sabuni. Mwenye kinyongo na mwenzake hukitoa hapo, mbele ya watu wote, na vita vikisha hairuhusiwi kukirudia. Wakati huo wanawake, waliovalia nguo zao nzuri kuliko zote, huzunguka uwanja wakiimba na kuwachokoza wanaume kwa nyimbo.

Halafu kibanda cha makuti hutiwa moto. Moshi huangaliwa unaelekea wapi, maana wazee huusoma kama dalili ya mwaka unaoingia. Kutoka hapo ni kula, ngoma na kutembeleana kwa siku kadhaa. Nyumba isiyopata mgeni huhesabiwa kuwa haina bahati, kwa hiyo mpita njia huitwa kwa nguvu aingie ale.

Sipendi kusikia siku hii ikiitwa tamasha la watalii. Wageni wana haki ya kuja, na wenyeji wanawataka. Ila kijana wa leo anajua kushika mgomba kuliko kutaja mwongo, kwa sababu kalenda ya ukutani na utabiri wa hali ya hewa vimeichukua kazi ile. Natamani miongo ifundishwe katika shule za Makunduchi, darasa la hesabu na la jiografia, na wazee wanaoijua waitwe waje kufundisha wangali hai. Sherehe hii ya mwaka mpya, kwa jina la Siku ya Mwaka, iliwahi kuadhimishwa sehemu nyingi za pwani, Mombasa ikiwamo. Huko hesabu ilipoachwa, sherehe nayo ilififia.