HABARI YA KUTISHA ISIKUVUNJE NGUVU: Funzo kutoka Madina, Matombo na Kura Tatu

Bismillahir Rahmanir Rahiim.


Ndugu zangu katika imani, kila msimu wa uchaguzi ukikaribia simu zetu zinakuwa moto. Asubuhi unasoma utafiti kwamba fulani anaongoza kwa asilimia kadhaa. Mchana inasambaa sauti ya mtu asiyejulikana, anasema kuna jambo limepangwa. Usiku mama hapati usingizi, na kijana yuko barazani anatafuta wa kugombana naye. Ukiuliza habari imetoka wapi, unajibiwa: "Nimetumiwa."

Leo tusome historia. Tuanzie Madina, kisha tupande milima ya Uluguru.

MADINA, MWAKA WA 5 HIJRIA

Katika vita vya Khandaq, majeshi yameizunguka Madina, baridi kali, njaa kali. Ikaja habari mbaya zaidi: Bani Quraydha, walio ndani ya mkataba na Waislamu, wamevunja ahadi. Maana yake familia zilizobaki nyuma haziko salama.

Mtume (s.a.w.) alifanya nini? Hakuitangaza habari ile palepale. Aliwatuma watu wazito, Saad bin Muadh na Saad bin Ubada (r.a.) na wenzao, wakahakikishe. Akawaagiza: mkikuta si kweli, tangazeni wazi watu wote wasikie. Mkikuta ni kweli, nipeni ishara nitakayoielewa mimi, msiwavunje watu nguvu. Wakakuta ni kweli, wakarudi na ishara.

Zingatia, ndugu yangu. Habari ilikuwa ya kweli, na bado haikumwagwa ovyo. Ilipelekwa kwa anayeweza kuifanyia kazi. Ndilo fundisho la Suratun Nisaa, aya ya 83, inayowalaumu wale ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu hulitangaza, badala ya kulirejesha kwa wenye uwezo wa kulichambua.

MATOMBO, JULAI 1955

Sasa tuje kwetu. Milima ya Uluguru ndiyo inayoulisha mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inakunywa maji yake mpaka leo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Mwingereza iliona udongo wa milimani unachukuliwa na mvua, ikaleta mpango wake wa ardhi. Waluguru wakaamriwa wachimbe matuta ya ngazi katika mashamba yao.

Kule Mgeta, kwenye kilimo cha mboga, ngazi zilifaa. Upande wa Matombo zilikuwa balaa. Udongo wenye rutuba pale ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia, unabaki na udongo wa chini usiozaa. Kazi ni ya lazima, mavuno hakuna, na Sultani Sabu, mkuu wa Waluguru mbele ya serikali, ndiye aliyebebeshwa amri za Mwingereza.

Julai 1955 hasira zikafurika. Umati ukakusanyika Matombo, fujo ikazuka, polisi wakatumia nguvu, mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango ukaachwa.

Hapa tusidanganyane. Kuna atakayesema: "Si unaona sheikh, fujo ilifanya kazi!" Kweli, matuta yaliachwa. Na malalamiko ya wale wazee yalikuwa ya haki, walijua shamba lao kuliko mtaalamu wa ofisini. Lakini aliyekufa hakurudi nyumbani kwake. Na matuta yalipoondoka, Mwingereza aliyeyaleta alibaki palepale. Hasira iliondoa amri moja. Kumwondoa mwenye kutoa amri kulihitaji kitu kingine.

KURA TATU, 1958

Kitu hicho ni mpangilio. TANU ilikuwa imezaliwa Julai 7, 1954. Miaka miwili baadaye kikaanzishwa chama cha UTP, kikiungwa mkono na Gavana Twining. Kisha zikaja habari za uchaguzi wa kwanza, na habari zenyewe zilitisha kweli.

Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wazungu nchi nzima walikuwa kama 20,000 tu, Waafrika zaidi ya milioni nane, viti sawasawa! Na ili uandikishwe ulitakiwa uwe umefika darasa la nane, au una kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au umeshika wadhifa fulani. Mzee wa Kinole aliyesoma madrasa na kulima shamba lake hakuwa na kura, hata kama ndiye aliyetoa senti zake kukijenga chama. Walioandikishwa nchi nzima hawakufika 60,000.

Januari 1958 TANU ikakutana Tabora. Wengi walikuja wakitaka kususa, na hasira yao ilikuwa na msingi. Mwalimu Nyerere akawaomba wapige hesabu: tukisusa, viti vyote vinakwenda UTP. Baada ya mjadala mzito wakakubali kushiriki. Ndio maana unaitwa uamuzi wa busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake cha ANC.

Agosti ikaja habari nyingine. Mwalimu ametiwa hatiani kwa kashfa dhidi ya maofisa wa serikali: faini shilingi 3,000 au jela miezi sita, na kura ni mwezi unaofuata! Ingekuwa leo, fikiria simu zingekuwaje. Faini ikalipwa, kazi ikaendelea. Septemba akasimama Jimbo la Mashariki, ambalo Morogoro ilikuwa ndani yake, dhidi ya Patrick Kunambi, mtoto wa Uluguru, akashinda. Uchaguzi ulipomalizika Februari 1959, TANU na iliowaunga mkono walikuwa na karibu viti vyote, na UTP ikasambaratika. Kura zilezile tatu zilizoonekana mtego ndizo zilizoimaliza. Desemba 9, 1961 bendera ya Mwingereza ikashushwa.

TUNAONDOKA NA NINI?

1. Utafiti si elimu ya ghaibu. Mwaka 2015 Twaweza walitoa utafiti mwezi Septemba: Magufuli 65%, Lowassa 25%. Tume ilipotangaza matokeo, ilikuwa 58.46% na 39.97%. Mshindi waliyemtaja ndiye, lakini pengo lilikuwa mbali mno na walilolikadiria. Basi usiupuuze utafiti, na wala usiuabudu.

2. Kabla ya kusambaza, fanya kazi ya wale Masahaba wawili. Nani kasema? Lini? Kaona au kasikia? Usipojua, iishie kwako.

3. Hofu igeuze kuwa kazi. Umeandikishwa? Jina lako umelihakiki? Mzee wa jirani ana wa kumsindikiza? Lalamiko lenu limeandikwa na kufikishwa, au linaishia barazani?

4. Kuhitilafiana si uadui. Mwenye msimamo tofauti na wako kesho mtasimama naye safu moja msikitini.

Na utulivu si kunyamazia dhuluma. Wazee wa Matombo walikuwa na haki ya kusema, na sisi tunayo. Tunachokataa ni kumkabidhi shetani haki yetu aiendeshe kwa hasira.

Ewe Mola, tupe macho ya kuona ukweli, ulimi wa kuusema kwa hekima, na subira ya kuufanyia kazi. Warehemu wazee wetu waliotangulia, na uijaalie nchi yetu amani yenye haki ndani yake. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.