Mpiga Picha wa Jeshi la Wadachi

Kulamawe, mahali ambapo jina lake Mswahili hahitaji kufasiriwa, i kando ya njia itokayo Isiolo kwenda Wajir. Katika Vita vya Pili vya Dunia njia hiyo ilipitiwa na majeshi ya Waingereza yaliyokwenda kupigana na Waitaliani, ambao mwezi wa Julai 1940 walikuwa wameiteka Moyale. Pamoja na majeshi ya vita vile walikwenda wapiga picha wa kijeshi, na kazi za wapiga picha wa namna hiyo zimewekwa leo katika jumba la Imperial War Museum, London. Nawe, msomaji, bila shaka umepata kuona kitabuni picha ya askari Mwafrika amesimama wima na bunduki yake. Je, umejiuliza ni nani aliyemsimamisha pale, na kwa ajili ya macho ya nani?

Ili kulijibu swali hilo yafaa turudi nyuma mpaka vita vya kwanza, tumtazame mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo upande wa Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Jina lake ni Walther Dobbertin. Alizaliwa Berlin mwaka wa 1882, na kabla ya vita alikuwa mpiga picha Dar es Salaam, akiuza picha za miji, watu na milima kwa kadi za posta. Vita vilipozuka mwaka wa 1914, aliigeuzia kamera yake jeshi la Lettow-Vorbeck.

Fikiri jinsi kazi hiyo ilivyokuwa. Kamera za siku zile zilikuwa nzito, tena zilimtaka mtu atulie kama jiwe. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yalikuwa ya mbio na moshi, nayo kamera ya namna hiyo isingeyaweza. Kwa hiyo katika picha za Dobbertin mara nyingi utaona kabla ya vita au baada ya vita: safu iliyonyoshwa, bombomu na watu wake, askari akitazama mbele kama alivyoamriwa. Ni picha nzuri, sikatai. Lakini uzuri wake ni wa gwaride, na gwaride halionyeshi njaa wala homa.

Wala halimwonyeshi mpagazi vya kutosha. Vita hivi vilibebwa vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa hukadiriwa kuwa wapata 95,000, wengi kwa maradhi na kukosa chakula. Na jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililotupa Kariakoo ya Nairobi na ya Dar es Salaam. Hata Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, Novemba 25, 1918, wapagazi aliokuwa nao walizidi 1,500, na askari Waafrika walizidi 1,100 kidogo tu.

Mwaka wa 1932 Dobbertin alitoa picha zake katika kitabu. Maana ya jina la kitabu hicho ni “Askari wa Lettow-Vorbeck”, na chini yake yametajwa maneno ya heshima ya silaha za Kijerumani. Angalia hapo: walioshika silaha hizo wengi wao walikuwa Waafrika, na jina lililoandikwa ni la jemadari peke yake. Mara nyingi chini ya picha utakuta neno moja tu, “Askari”, neno letu lililoingia katika Kijerumani bila mwenyewe kutajwa.

Dobbertin alifariki mwaka wa 1961. Picha zake zi katika hazina ya kumbukumbu ya serikali ya Ujerumani, na tangu mwaka wa 2008 nyingi zimewekwa wazi, mtu yeyote apate kuziona. Lakini miaka mitatu baada ya kifo chake, bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wale wazee mishahara yao ya vita. Husimuliwa kwamba mlipaji alipofika Mwanza, wachache tu walikuwa na hati za kuonyesha. Basi kila mzee asiye na hati alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani aushike kama bunduki, naye akaushika.