Laptopu ya Linux inasahau waifai kila ukiizima: tafuta chanzo kabla ya kulipa fundi

Unafungua laptopu asubuhi, mtandao wa kituo uko pale juu kabisa kwenye orodha, lakini mashine inakuomba nywila kana kwamba haijawahi kuuona. Unaandika, unaingia. Kesho yake, hadithi ni ile ile. Kwa mtu mwenye intaneti nyumbani hili ni usumbufu mdogo tu. Hapa makazini, ambako nywila anayo msimamizi wa kituo na msimamizi huja saa tatu, inaweza kuwa ndiyo sababu ya kukosa mtihani wa mtandaoni au kuchelewesha ombi la ufadhili ambalo mlango wake unafungwa usiku huo.

Tunaandika makala hii kwa sababu nyingine pia. Laptopu nyingi za msaada zinazofika kwetu zina Ubuntu au Linux Mint, na jibu la haraka la mafundi wengi wa sokoni ni kufuta kila kitu na kupiga Windows. Unalipa, na pamoja na Linux vinaondoka vyeti ulivyoskani, picha za familia na barua za kesi yako. Tatizo la kusahau waifai karibu kila mara linatatuliwa bila kufuta faili hata moja. Mtu akikuambia lazima afute diski, chukua laptopu yako usome hapa kwanza.

Je, kweli imesahau?

Anza na swali hili, maana mara nyingi laptopu haina kosa. Kituo kikibadilisha nywila, Linux hujaribu ile ya zamani, inakataliwa, kisha inakuomba mpya. Kwa macho yako inaonekana imesahau. Muulize jirani mwenye simu kama naye ameombwa nywila leo. Ikiwa ndiyo, hakuna cha kutengeneza.

Ikiwa wenzako wanaingia vizuri, fungua terminali (kwenye Ubuntu na Mint bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja) uandike:

nmcli connection show

Programu inayosimamia mitandao kwenye Ubuntu, Mint na Fedora inaitwa NetworkManager, na amri hiyo inakuonyesha kila mtandao ilioukumbuka. Angalia kama jina la mtandao wako lipo. Lisipokuwepo baada ya kuzima na kuwasha, basi mipangilio haihifadhiwi kwenye diski kabisa. Likiwepo, mipangilio imehifadhiwa, ila nywila haipatikani au mtandao haujaruhusiwa kujiunga wenyewe. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Ukiona mtandao mmoja umeandikwa mara tatu, nne, kwa mfano Kituo, Kituo 1, Kituo 2, hizo ni nakala zilizozaliwa kila ulipounganisha upya. Moja yake inaweza kuwa na nywila ya mwaka jana na ndiyo inayotangulia kujaribu. Zifute zote kwenye mipangilio ya waifai, uunganishe mara moja tu, halafu uzime na kuwasha.

Jina halipo kwenye orodha

Andika amri hii:

findmnt -no FSTYPE /

Jibu la kawaida ni ext4 au btrfs. Ukipata neno overlay, umekwisha kupata chanzo: mfumo unaotumia umeundwa usikumbuke kitu.

Hilo hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza ni laptopu inayowashwa kwa flashi. Diski ya ndani imekufa, au mtu alikupa flashi ya kujaribia Ubuntu ukaendelea kuitumia miezi yote. Mfumo wa majaribio huishi kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika hausalii. Waifai ndiyo unayoiona kwanza, lakini hata barua uliyoandika jana na kuiweka kwenye dawati imeondoka. Mwanafunzi mmoja alituletea laptopu akilalamikia waifai. Tulipoichunguza tukakuta kazi zake za wiki mbili zilikuwa zinapotea kila jioni, naye alidhani anakosea kuzihifadhi. Dawa ni kusakinisha Linux kwenye diski ya ndani kama bado nzima, au kwenye flashi nyingine ya GB 32 na zaidi kama diski imekufa. Hadi hapo, hifadhi kazi zako kwenye flashi ya pili au kadi ya simu.

Njia ya pili ni kompyuta za maabara. Vituo vingi huzifunga ili kila zinapowashwa zirudi kama zilivyokuwa siku ya kwanza, na hilo hufanywa makusudi kulinda watumiaji: anayekuja baada yako asikute akaunti yako ya barua pepe wazi. Usijaribu kulivunja. Mwombe msimamizi auweke mtandao wa kituo kwenye mfumo wa msingi kabla ya kuufunga tena. Vivyo hivyo ukiingia kama mgeni badala ya kwa jina lako: kikao cha mgeni hufutwa ukitoka.

Jibu likiwa ext4, endelea na amri hii:

findmnt -no OPTIONS /

Tazama herufi mbili za mwanzo tu. Zikiwa rw, diski inaandikika. Zikiwa ro, Linux imejifungia isiandike chochote, na hapa simama. Mara nyingi hii ni dalili kwamba diski imepata makosa baada ya umeme kukatika ghafla, jambo tunalolijua vizuri sisi wa sola na betri zilizochoka. Kabla ya jaribio lolote nakili vyeti na nyaraka zako kwenye flashi. Baada ya hapo washa laptopu upya, bonyeza Shift au Esc mwanzoni, chagua menyu ya uokoaji na humo uchague fsck. Ikirudi ro tena baada ya siku chache, diski inaelekea kufa. Nunua nyingine mapema.

Kuna sababu ndogo zaidi ambayo watu hawaifikirii: diski kujaa. Andika df -h / na uangalie asilimia. Ikiwa 100, hakuna nafasi hata ya faili dogo la waifai. Futa filamu, toa taka, na kwenye Ubuntu au Mint andika sudo apt clean ili kuondoa mabaki ya masasisho.

Sababu ya mwisho katika kundi hili huwapata waliohamisha mafaili kutoka laptopu moja kwenda nyingine. NetworkManager huweka kila mtandao katika faili lake ndani ya /etc/NetworkManager/system-connections. Kwa kuwa faili hilo lina nywila, programu hukataa kulisoma ikiwa watu wengine wanaweza kulifungua, na hulipita kimya kimya. Ukilipitisha kwenye flashi ya kawaida, linapoteza ulinzi huo. Urudishe hivi:

sudo sh -c 'chown root:root /etc/NetworkManager/system-connections/*'
sudo sh -c 'chmod 600 /etc/NetworkManager/system-connections/*'
sudo nmcli connection reload

Kwenye Ubuntu kuanzia toleo la 23.10 folda hiyo unaweza kuikuta tupu, usishtuke. Toleo hilo na yaliyofuata huweka mitandao kwenye /etc/netplan, katika mafaili yanayoanza na 90-NM.

Jina lipo, lakini nywila inaombwa kila siku

Hapa ndipo wengi wenu mlipo. Nywila ya waifai inaweza kukaa sehemu mbili: kwenye mfumo wenyewe, ambapo inapatikana mara laptopu inapowaka, au kwenye hifadhi yako binafsi ya nywila, ambayo hufunguliwa na nywila unayoandika ukiingia. Ili kujua yako iko wapi, andika amri ifuatayo ukiweka jina la mtandao wako ndani ya alama za kunukuu:

nmcli -f 802-11-wireless-security.psk-flags connection show "Kituo"

Ukiona 0, nywila iko kwenye mfumo. Ukiona 1, iko kwenye hifadhi binafsi. Ukiona 2, kuna mtu aliiambia laptopu iulize kila mara, pengine bila kujua.

Namba 1 ndiyo yenye hila. Watu wengi huweka laptopu iingie yenyewe bila nywila kwa sababu inatumiwa na nyumba nzima. Sasa hakuna aliyeandika nywila, kwa hiyo hifadhi inabaki imefungwa, na waifai iliyo ndani yake haitoki. Unaona kidirisha kinachokuomba kufungua hifadhi, unakifunga kwa kuwa hukielewi, halafu unaombwa nywila ya waifai. Inatokea pia ikiwa mtu mwingine alikubadilishia nywila ya kuingilia: hifadhi bado inasubiri ile ya zamani. Kama unaikumbuka, iandike kwenye kidirisha hicho. Usiikimbilie kuifuta hifadhi yote, kama video nyingi zinavyoshauri, kwa sababu nywila zilizohifadhiwa ndani ya Chrome zinaweza kupotea nayo.

Njia rahisi ni kuihamisha nywila ya waifai kwenye mfumo. Fungua mipangilio ya waifai, bonyeza alama ya gia kando ya jina la mtandao, kisha weka vema kwenye visanduku viwili: kile cha kujiunga bila kuulizwa, na kile cha kuruhusu watumiaji wote wa laptopu. Waliozoea Kifaransa watavikuta kwa maneno ya Kifaransa, mahali pale pale. Andika nywila upya katika kichupo cha usalama, ukubali, uzime na uwashe. Kwenye Mint na kwenye dirisha la zamani la mitandao, mwisho wa kisanduku cha nywila kuna picha ndogo. Ukiibonyeza unachagua nywila ihifadhiwe kwa watumiaji wote.

Fahamu unachokubali. Kuanzia hapo, mtu yeyote mwenye ruhusa ya usimamizi kwenye laptopu anaweza kuisoma nywila hiyo. Kwa waifai ya kituo si neno. Kwa mtandao wa ofisi uliopewa kwa siri, acha ilivyo.

Waifai inaingia, lakini vocha inaombwa upya

Hili linauma zaidi kwa sababu ni pesa. Unanunua vocha ya siku saba, siku ya pili ukurasa wa malipo unarudi. Mitandao mingi ya aina hiyo haikujui wewe kwa jina. Inaijua namba ya kadi ya waifai ya laptopu, ile inayoitwa anwani ya MAC. Ikiwa laptopu imewekwa ibadilishe namba hiyo kila inapounganisha, kwa mtandao wewe ni mgeni kila asubuhi. Amri hii huilazimisha kutumia namba moja ya kudumu kwa mtandao huo tu:

nmcli connection modify "Kituo" 802-11-wireless.cloned-mac-address permanent

Baada ya hapo namba inaweza kuwa tofauti na ile iliyonunua vocha, kwa hiyo fanya hivyo vocha ikiisha, kabla ya kununua nyingine. Wanaotumia kadi ya waifai ya kuchomeka nao wajue kwamba kila kadi ina namba yake. Ukiazima ya rafiki, vocha yako haitakufuata.

Kabla hujamlaumu mwenye mtandao, tazama pia saa ya laptopu. Betri ndogo ya saa ikifa, laptopu iliyokaa bila chaji huamka ikiwa miaka kadhaa nyuma. Waifai inakumbukwa vizuri, lakini kurasa salama, ukiwemo ule wa vocha, zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vinaonekana kuwa vya siku zijazo. Rekebisha tarehe kwa mkono kwenye mipangilio. Betri yenyewe kwenye laptopu nyingi ni CR2032, ya duara kama sarafu, na inauzwa kwenye maduka ya saa.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Ikiwa umejaribu haya yote na bado, andika kwenye terminali:

journalctl -u NetworkManager -b > ripoti.txt

Faili hilo lina kumbukumbu ya yote NetworkManager iliyofanya tangu laptopu iwake, na fundi anayeijua Linux ataelewa haraka kuliko kwa maelezo ya mdomo. Ndani yake mna majina ya mitandao unayotumia, kwa hiyo mpe fundi mkononi, usilitupe kwenye kundi la WhatsApp. Nyaraka za kesi na picha za vitambulisho zitoe kwenye laptopu uende nazo nyumbani. Mwambie fundi wazi kwamba hujampa ruhusa ya kufuta diski, na kaa naye akifanya kazi kama unaweza.