Harvard: ndege ya darasani iliyokwenda vitani kwa majirani zetu

Kuna mchezo mmoja wa watu wazima huko Ulaya, Marekani na Afrika Kusini ambao ukiuona kwenye video utadhani ni ndege ya kweli. Jamaa anafika uwanjani Jumapili na gari lenye tela, anashusha mabawa, anashusha bodi, anaunganisha kwa bolti, na baada ya nusu saa una ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Pili imesimama kwenye majani. Upana wa mabawa ni mita mbili na nusu, uzito ni kama wa mtoto wa miaka minne au mitano, na rubani kasimama chini na rimoti mkononi. Hii siyo midoli ya plastiki ya betri. Ndani ya pua kuna injini ya petroli yenye silinda tatu, tano au saba zilizopangwa duara kuzunguka mhimili mmoja kama miale ya jua. Kampuni kama Saito ya Japani na Moki ya Hungaria zimejipatia jina kwa injini hizo ndogo.

Ndege inayopendwa sana katika mchezo huo inaitwa Harvard, na Wamarekani wanaiita T-6 Texan. Nimeandika makala hii kwa sababu ya ndege hiyo. Wengi wanaoirusha Jumapili wanaijua kama ndege ya shule, ya rangi ya njano, iliyofundisha vijana kurusha ndege. Sisi wa huku tuna habari zake nyingine.

Tuanze na injini, maana bila injini hadithi haieleweki. Hapa Kalangalala kila mtu anajua injini ya karasha: silinda moja, gurudumu zito pembeni, ikiwaka mtaa mzima unajua. Sasa chukua silinda tisa, zipange duara, pistoni zote tisa zishike kranki moja, halafu mbele yake funga pangaboi. Hiyo ndiyo Pratt & Whitney R-1340 Wasp, nguvu za farasi 600, injini ya Harvard ya kweli. Haina maji wala rejeta, inapozwa na upepo tu. Silinda lazima ziwe idadi ya witi, kwa sababu moto unaruka moja kwenda ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa, kisha unarudi kwenye ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Ukiweka silinda nane mpangilio huo unavunjika.

Ina ugonjwa wake pia, na ugonjwa huo ni uleule kwa injini kubwa na kwa ile ndogo ya mchezo. Ndege ikilala usiku kucha, oili inachuruzika polepole na kujaa kwenye silinda za chini, ambazo zimeangalia ardhi. Oili haishindiliki kama hewa. Ukiwasha injini kwa pupa, pistoni inapanda, inakutana na oili, haina pa kwenda, na fimbo yake inapinda au inakatika. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, fundi anazungusha pangaboi kwa mkono, taratibu, jani moja baada ya jingine, akisikilizia kama kuna kinachokaza. Kikikaza, halazimishi. Anafungua plagi za chini na kumwaga oili. Mafundi wa jeshi la anga la Uingereza walifanya hivyo alfajiri kule Mweiga, karibu na Nyeri, mwaka 1953, na mzee mstaafu wa leo anafanya hivyohivyo na ndege yake ya kilo 15.

Mengine ya maandalizi ya ndege ya rimoti ni ya lazima lakini hayana utamu mwingi: kupima uzito umekaa wapi ili pua isiwe nyepesi, kupunguza nguvu ya rimoti na kutembea mbali nayo kuona kama mawasiliano yanashika, kuhakikisha ukisukuma kulia usukani unakwenda kulia. Shughuli inaanza wakati wa kupaa. Nguvu ya injini inavuta pua kushoto, na asiyejua kukanyaga usukani wa kulia (au kwa rimoti, kusukuma kidole) anaishia porini. Kutua nako kuna mtego wake. Ukipunguza mwendo kupita kiasi, bawa moja linaanguka ghafla bila kukuaga. Marubani wa kweli walilalamikia jambo hilo hilo, na ndiyo sababu walimu waliipenda. Walisema anayeiweza Harvard anaweza ndege yoyote ya kivita.

Ilitengenezwa na North American Aviation, Marekani, na pamoja na ndugu zake zilitoka zaidi ya 15,000. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza waliweka vyuo vya urubani mbali na mabomu ya Ujerumani, ikiwemo Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya sasa. Harvard ikawa sauti ya kawaida ya anga la Kusini mwa Afrika. Na sauti yenyewe si ya kusahaulika. Pangaboi lina kipenyo cha futi tisa na limefungwa moja kwa moja kwenye kranki, hivyo injini ikizunguka mara 2,250 kwa dakika wakati wa kupaa, ncha za majani zinakaribia kasi ya sauti. Matokeo yake ni mlio mkali wa kuchana hewa, unaosikika kabla hujaiona ndege.

Mlio huo ulifika Kenya mwaka 1953. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952, na wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wameingia misitu ya Nyandarua, ambayo Waingereza waliiita Aberdare, na Mlima Kenya. Serikali ilitaka ndege. Ndege nzuri ziligharimu fedha na zilihitajika kwingine, basi zikachukuliwa Harvard chache kutoka vyuo vya Rhodesia. Zilifungwa bunduki moja ya rashasha na vishikio vya mabomu manane madogo ya ratili 20, yaani kama kilo tisa kila moja. Kikosi chake kiliitwa 1340 Flight. Namba ya kikosi ni ileile ya injini, R-1340. Ni sadfa tu, lakini sadfa ya kumfanya mtu acheke peke yake.

Jiulize kwa nini ndege ya darasani, yenye mwendo wa kilomita mia tatu na kitu kwa saa tu, ilitosha kwa vita. Jibu halihusu ubora wake. Ilitosha kwa sababu aliyekuwa chini hakuwa na cha kumjibu. Wapiganaji wengi wa msituni walikuwa na mapanga, mikuki na bunduki za kujitengenezea kwa mabomba ya maji. Katika vita ya aina hiyo hata ndege ya kufundishia inageuka mfalme wa anga. Adui mkubwa wa rubani alikuwa mlima wenyewe: kilele cha Nyandarua kinapita mita 4,000, mawingu yanashuka ghafla, na injini inayopumua hewa nyepesi inapoteza nguvu. Hapa Geita tuko zaidi ya mita 1,200 tu juu ya usawa wa bahari, na tayari hata mwendesha ndege wa rimoti angelazimika kurekebisha kabureta na kutafuta njia ndefu zaidi ya kupaa.

Baadaye mwaka huohuo yakaja mabomu makubwa zaidi, yaliyobebwa na Lincoln za injini nne. Juu ya yote hayo zikapita ndege zenye vipaza sauti, zikiwaambia walioko msituni kwa Kikuyu watoke wajisalimishe. Fikiria umekaa chini ya mianzi, una njaa, na serikali inaongea nawe kutoka mawinguni kwa lugha ya mama yako.

Je, mabomu yalisaidia? Mimi nakubaliana na wanahistoria wanaosema hayakusaidia sana. Msitu ni mnene, shabaha haionekani, bomu la kilo tisa linapasukia juu kwenye matawi. Kilichovunja mapambano kilikuwa chini: Operesheni Anvil ya Aprili 1954 iliyofagia Nairobi, vijiji vya kulazimishwa vilivyokata njia za chakula, kambi za vizuizini, na wapiganaji waliojisalimisha ambao waligeuzwa kuwawinda wenzao. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, mwaka mmoja baada ya kikosi cha Harvard kufungashwa, na alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hakuna ndege iliyomkamata.

Hata hivyo kusema mabomu hayakusaidia si kusema hayakuua wala hayakutisha. Na hapa ndipo ninapopata shida kidogo. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Kesi ile ilihusu mateso, hasa ya kambini: vipigo, kuhasiwa, ubakaji. Kilichotokea chini ya mianzi ya Nyandarua, yaliyodondoshwa na ndege ya shule, hakikuwa kiini cha kesi. Mwenye kovu la kambi aliweza kumtaja askari au angalau kambi. Aliyeangukiwa na kipande cha chuma kutoka mawinguni angemtaja nani?

Kenya ilikuwa mwanzo tu. Angalia ramani ya Tanzania halafu zunguka mipaka. Magharibi, Congo, mwaka 1964 na 1965: waasi wa Simba walipoteka nusu ya mashariki, Marekani iliipa serikali ya Congo ndege za T-28, mdogo wake Harvard kutoka kiwanda kilekile, injini ya silinda tisa ya Wright, nayo pia ilizaliwa kuwa ndege ya mafunzo. Waliozirusha walikuwa Wacuba waliomkimbia Fidel Castro na kuajiriwa na CIA. Che Guevara alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma Aprili 1965, aliingia vitani ambako Wacuba wake walikuwa chini na Wacuba wengine walikuwa juu. T-28 nayo ni kipenzi cha wachezaji wa rimoti. Inauzwa dukani hadi ya ukubwa mdogo sana.

Kusini, Msumbiji. Wareno walikuwa na T-6 nyingi, wakazitumia Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji kwa roketi na mabomu. Hesabu ilikuwa ileile ya Nyeri: ndege ya bei nafuu, adui asiye na silaha ya kupiga juu. Hesabu ilibadilika Guinea-Bissau mwaka 1973, PAIGC walipopata makombora ya Strela ya kubebwa begani, na ghafla rubani wa ndege ya polepole akaanza kuogopa kila kichaka.

Lakini T-6 ninayoipenda kuliko zote ilifika kwetu, na haikuja kushambulia. Machi 1963, mwaka mmoja na nusu kabla FRELIMO hawajaanza vita ya silaha, afisa kijana wa jeshi la anga la Ureno aitwaye Jacinto Veloso, mzaliwa wa Lourenço Marques, alipaa Msumbiji na T-6 akiwa na rafiki yake João Ferreira. Badala ya kurudi kambini walielekea kaskazini, wakavuka Ruvuma, wakatua Tanganyika. Walikuwa wazungu wawili ndani ya ndege ya adui, katika nchi iliyokuwa na uhuru wa miezi kumi na tano tu. Mtu anaweza kufikiria walivyoangaliwa! Veloso alipitia Algeria kabla ya kufanya kazi kamili na FRELIMO.

Kwa wanaotaka kuanza mchezo wenyewe hapa nyumbani: chombo chochote kinachoruka bila rubani ndani kinahitaji kibali cha TCAA, na Wizara ya Ulinzi nayo inahusika, kwa hiyo usije ukaagiza Harvard ya mita mbili na nusu halafu ukaanza kuipaisha karibu na mgodi. Utaeleza hadi useme basi.

Veloso baada ya uhuru alikuwa waziri wa usalama wa Msumbiji. Mwaka 1984 aliongoza upande wa nchi yake katika mazungumzo na makaburu yaliyozaa mkataba wa Nkomati, uliotiwa saini na Samora Machel na P.W. Botha tarehe 16 Machi. Upande wa pili wa meza ile ulikuwa na jeshi la anga ambalo bado lilikuwa linafundisha marubani wake kwa Harvard, na liliendelea hivyo hadi mwaka 1995. Kumbukumbu zake alizichapisha mwaka 2006. Kitabu kinaitwa Memórias em Voo Rasante, yaani kumbukumbu katika kuruka chini chini, karibu na ardhi.