Kukanusha Hitimisho ili Kulipima: Kutoka kwa Aristotle hadi kwa Christine Ladd

Historia ya mantiki aghalabu husimuliwa kana kwamba upimaji wa silojisimu ulikamilika kwa Aristotle, na waliomfuata wakabadili alama tu. Sehemu hii inapinga mtazamo huo.

Katika Analytica Priora, Aristotle alithibitisha hoja kwa kuzirejesha kwenye umbo la kwanza, hasa kwa kugeuza kauli: “hakuna popo aliye ndege” huwa “hakuna ndege aliye popo.” Pale ugeuzaji usipotosha, alikanusha hitimisho na kuonesha kuwa ukanushaji huo unagongana na kauli tangulizi. Kwake, njia hii ya pili ilikuwa ya kusaidia tu.

Mwaka 1883 Christine Ladd aliifanya kipimo kikuu, katika tasnifu iliyochapishwa ndani ya Studies in Logic, kitabu kilichohaririwa na Charles Peirce. Hoja ni sahihi iwapo kauli zake tangulizi haziwezi kuwa kweli pamoja na ukanushi wa hitimisho. Tuchukue hoja hii: hakuna popo aliye ndege, baadhi ya warukao ni popo, kwa hiyo baadhi ya warukao si ndege. Ukanushi wa hitimisho ni “kila arukaye ni ndege.” Kauli hizo tatu hazipatani, zikikubaliwa mbili zozote, ya tatu hukataliwa. Hivyo utatu mmoja huzaa hoja tatu sahihi.

Hata hivyo, kipimo hiki hakikurithi matokeo yote ya kale. Kwa Ladd, kauli ya “kila” haidai kuwapo kwa kinachotajwa. Kila zimwi hula watu. Kila zimwi huzungumza. Kwa hiyo baadhi ya wazungumzao hula watu. Aristotle alikubali muundo huu. Lakini ikiwa mazimwi hayapo, kauli zote mbili zinapatana na “hakuna azungumzaye alaye watu,” na hitimisho halifuati. Kati ya miundo 24 ya mapokeo, hubaki 15. Kilichobadilika, basi, si alama bali maana ya “kila.”

Ladd alitimiza masharti ya uzamivu Johns Hopkins mwaka 1882, lakini chuo hakikuwatunuku wanawake shahada. Aliipokea mwaka 1926, akiwa na miaka 78. Mwanahistoria anayehesabu vyeo badala ya kupima hoja atampita bila kumwona.